Masinga Likijaa: Mambo ya Kuzingatia kwa Sisi Tunaoishi Kando ya Mto Tana

Kwanza, acha kuangalia mawingu ya kwenu. Mvua inayotuzamisha Garissa na Tana River hunyesha Aberdare na Mlima Kenya. Maji huingia bwawa la Masinga, likijaa yakateremka mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu zamu yetu. Siku yanapofika, huku kwetu huenda jua ni kali na vumbi linatimka. Kwa hiyo kariri kiwango hiki: mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Hapo Masinga limejaa. Redio ikitangaza kwamba limekaribia, funga mizigo siku hiyohiyo.

Vitambulisho na kadi za kliniki, ndoo yenye kifuniko. Simu, chaji. Mbegu, usizisahau.

Kubalianeni mapema ishara ya usiku, kipaza sauti cha msikiti au firimbi, na nani atamwamsha mzee anayelala peke yake. Ujumbe ukiishia kwenye simu ya chifu, haujafika.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2018 tangazo lilitufikia mapema kabisa. Mzee wa mtaa alipita nyumba hadi nyumba. Tukachomeka kijiti ukingoni mwa mto, tukakitia alama za mkaa, vijana wakawa wanakikagua. Hadi baada ya Isha maji yalikuwa yamepanda upana wa kidole tu. Tukalala.

Saa tisa usiku nikashusha mguu kitandani, nikakanyaga maji. Hayakutoka mtoni. Yalitoka nyuma, upande wa mashamba, kwenye mkondo wa zamani ambao siku zote ni mkavu na ndiko tunakolisha mbuzi. Mkondo huo ndio njia yetu pekee ya kwenda barabarani, nao ulikuwa umejaa kabla mto haujafika alama ya pili. Maji kifuani. Mama tulimvusha juu ya mlango tuliong'oa. Mbuzi sita tulikuwa tumewafunga ili wasitawanyike. Maji yalipopungua tuliwakuta palepale, kamba zimekazika.

Basi chomeka kijiti cha pili kwenye mkondo wa nyuma, na hicho ndicho ukitazame. Maji yakilowesha mchanga wake tu, ondokeni, hata kama mto mbele yenu umetulia, hata kama majirani wanawaona waoga. Mbuzi watangulie mchana. Wakibaki, wafungulie.

Ukishavuka, usirudi kuchukua godoro. Mamba hufuata maji hadi mashambani. Maji yakishuka siku moja usikimbilie nyumbani, kwa sababu mabwawa yakiendelea kumwaga yatapanda tena. Nyoka hujificha kwenye makuti yaliyolala, yapige kwa fimbo kwanza. Watoto wasichezee madimbwi. Na maji ya kisima msiyanywe hivihivi hata yakionekana meupe. Vyoo vyote vya kijiji vimemiminikia humo.