Somo: Bendi ya roki na kundi la elektroniki kwenye jukwaa moja dogo

Wenzangu, mmeuliza mara nyingi jinsi watu wa magitaa na watu wa laptopu wanavyoweza kugawana usiku mmoja klabuni bila kuharibiana kazi. Mimi ni fundi wa sauti hapa Nairobi, na muziki huu naupenda kwa moyo wote. Just A Band, kundi la hapa Kenya, walianza 2003 wakichanganya mashine na ala za mkono. Duma wa Nairobi walitoa albamu yao 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, roki nzito ya metali na kompyuta zikinguruma pamoja. Wasanii tunao. Anayekosekana mara nyingi ni mtu wa kufika klabuni saa nane mchana.

Mfano wangu ni chumba cha watu 120: spika kuu mbili, sabuufa (spika za besi) mbili, monita (spika zinazomwelekea mwanamuziki) tatu, mikisa (meza ya kuchanganya sauti) ya chaneli 16, yaani njia 16 za kuingizia sauti.

Hatua ya 1: Karatasi

Wiki moja kabla, kila kundi limpe fundi mchoro wa jukwaa (nani anasimama wapi, anahitaji soketi ngapi) na orodha ya chaneli. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Roki ya watu wanne: dramu chaneli 4, besi 1, magitaa 2, waimbaji 2, jumla 9. Elektroniki: laptopu 2, kushoto na kulia, sinthi 2, mwimbaji 1, jumla 5. Zote ni 14, zinaenea. Zikizidi 16, heri ujue Jumatatu kuliko saa moja jioni ya siku yenyewe.

Hatua ya 2: Stima

Hapa naomba mtulie nami, maana ndipo watu wanapoumia.

Kenya tunatumia volti 240. Amplifaya uliyoletewa na shangazi kutoka Marekani huenda imeundwa kwa volti 120. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka; kama ni hivyo, tafuta transfoma ya kushusha yenye uwezo wa kuibeba, la sivyo itaungua.

Pili, mvumo. Laptopu ikichomekwa soketi ya ukuta huu na mikisa soketi ya ukuta ule, kisha zikaunganishwa kwa waya wa sauti, nyaya za ardhi hufanya mzunguko na spika zikaanza kuvuma. Chomoa chaja ya laptopu kwa muda. Mvumo ukikoma, umempata mwizi. Dawa yake ni kiboksi cha DI, kinachokaa kati ya chombo na mikisa, chenye swichi ya kukata ardhi ya upande wa sauti. Kiboksi hicho pia kinakuwezesha kuvuta waya mrefu hadi kwenye mikisa bila kuokota makelele njiani.

Nimeona mahali wakivunja pini ya ardhi ya plagi ili mvumo uishe. Msifanye hivyo kamwe. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma, midomo yake imegusa maiki. Hitilafu ikitokea, umeme unapita mwilini mwake. Mtu anaweza kufa mbele ya rafiki zake.

Taa zipewe sakiti yake, na mikisa na laptopu ziwekwe kwenye UPS (betri ya akiba). Stima ikikatika dakika moja, dramu zitaendelea kupigwa na watu wataimba. Lakini mikisa ya kidijitali na laptopu zikizimika, utazisubiri ziwake upya huku ukumbi unapoa.

Hatua ya 3: Punguza jukwaani

Dramu peke yake, bila maiki hata moja, zinapita desibeli 100 ukiwa karibu. Mpiga gitaa anaongeza amplifaya ili ajisikie, wa besi anamfuata, na mwimbaji anazama. Tiba yake ni kreti ya soda. Iweke amplifaya juu yake na uiinamishe kidogo kuelekea masikio ya mwenyewe. Kwa kawaida ilikuwa ikipigia magoti yake. Sasa anajisikia, naye anapunguza bila kugombezwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango mwaka 2022 kwa kumbi za burudani: wastani usizidi desibeli 100 ndani ya dakika 15. Nakifuata. Masikio ya kijana wa miaka 20 hayana spea.

Hatua ya 4: Kupima sauti kinyumenyume

Atakayefunga usiku anapima kwanza. Atakayefungua anapima mwisho, na vyombo vyake vinabaki palepale. Piga picha ya mikisa kila mnapomaliza. Weka tepu sakafuni mahali pa kila kitu. Kundi la elektroniki lifunge vifaa vyake vyote kwenye meza moja, waya zikiwa tayari, meza ibebwe nzima na watu wawili. Ukifanya hivyo, dakika 15 za kubadilishana zinatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Dar es Salaam): Kaka, sisi tunapiga singeli. Kwenye ukumbi wetu wa zege, besi inakuwa uji mtupu. Tunakosea wapi?

Jibu: Hamkosei, ndugu yangu, ni hesabu ya chumba. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Chukua 240: kila pigo lina robo sekunde. Ukumbi ukibakiza mwangwi sekunde moja, kiki (pigo la dramu kubwa) moja inatua juu ya mikia ya zile tatu zilizotangulia. Fupisheni mkia wa kiki kwenye programu yenyewe, kateni sauti nzito za chini ya hezi 40, punguzeni sabuufa. Mapazia mazito yatasaidia sauti za juu na za kati, besi hayaigusi.

Swali (Nakuru): Mpiga dramu wetu anataka kucheza pamoja na laptopu lakini wanapishana.

Jibu: Laptopu itoe muziki upande wa kushoto na mlio wa kuhesabu upande wa kulia. Kushoto kuende kwenye spika, kulia kuende kwenye hedifoni za mpiga dramu peke yake. Mkiwa na soundkadi yenye njia nne za kutolea sauti, muziki utabaki stirio. Kama mpiga sinthi anapiga moja kwa moja, shusheni bafa (akiba ya sauti ambayo laptopu hukusanya kabla ya kuitoa) hadi sampuli 256, yaani vipande vidogo vya sauti: kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, ni ucheleweshaji wa kama milisekunde 6, sawa na kusimama mita mbili kutoka kwa spika.

Swali (Mombasa): Dada yetu anapoimba maiki inapiga mluzi, ila mimi nikiishika inatulia.

Jibu: Mtazame mkono wake. Nadhani anakikumbatia kichwa cha maiki. Maiki ya mwimbaji kama Shure SM58 inakataa sauti ya nyuma kwa sababu ya matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiyaziba, inasikiliza pande zote, pamoja na monita. Ashike mpini, na monita ikae nyuma ya maiki moja kwa moja. Na kwa joto la huko kwenu, magitaa yatoeni kwenye mabegi nusu saa kabla, ndipo myatyuni.

Swali (Kampala): Pesa za mlangoni mnagawanaje? Tulipiga mahali, tukaambiwa gharama zimekula zote.

Jibu: Poleni sana. Hilo limenipata pia, na halikunitoka rohoni kwa muda. Sasa naandika kabla: gharama gani zinatolewa kwanza na kiasi chake, kisha asilimia ya kila upande. Kiingilio cha simu kiingie kwenye nambari moja ambayo pande zote zinaona ujumbe wake, na mtu wetu anakaa mlangoni na mtu wao, kila mmoja na daftari lake. Tunahesabu kabla bendi ya mwisho haijapanda.