Parka ya Kike ya Baridi Kali: Kuanzia Vipimo hadi Bitana

Wateja wangu wengi hapa Minneapolis, Marekani, ni akina dada waliotoka Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Bujumbura na Goma. Wakija kushonesha koti la baridi, ombi lao huwa moja: "Fundi, nitilie nene." Wanasema hivyo kwa sababu unene ndio unaoonekana dukani. Lakini Januari, nyuzijoto 20 chini ya sifuri na upepo juu yake, mwenye koti nene linalovuja upepo atatetemeka kuliko mwenye koti jepesi lililozibwa vizuri. Kinachotia joto ni hewa iliyotulia kati ya mwili na kitambaa. Hewa hiyo ikipata pa kutokea, pamba yote uliyojaza inakuwa mzigo wa kubeba tu. Kwa hiyo muda mwingi nitautumia kwenye shingo, zipu, mikono na kofia, na mambo ya rangi nitayapita mbio.

Wainuit wa kaskazini mwa Kanada walilijua hili kabla ya cherehani. Amauti, koti la wanawake wao, lilikatwa kwa ngozi ya kulungu wa Aktiki, tabaka mbili: manyoya ya tabaka la ndani yakigusa mwili, ya nje yakitazama nje. Huvaliwa kwa kupitishwa kichwani, mbele hakuna mpasuo wa kuingiza upepo, na mgongoni mna nafasi ya kubebea mtoto. Jeshi la Marekani nalo, kwenye parka yake (koti refu la baridi lenye kofia) ya M-1951, liliweka bitana nene inayovuliwa na kamba za kufunga pindo kwenye mapaja. Tutachukua kidogo huku na kidogo kule.

Hatua ya 1: Uliza koti litaishi wapi

Kabla ya kushika chaki, muulize mwenye koti siku yake ikoje. Anayesubiri basi saa kumi na moja alfajiri anahitaji urefu wa kufika karibu na goti. Anayeendesha gari hahitaji urefu huo, atausukuma kila anapokaa. Katikati ya paja kunamtosha. Mfanyakazi wa ofisi za katikati ya jiji hapa anapita kwenye skyway, zile njia za ndani zinazounganisha majengo juu ya barabara, ambako kuna joto la kutoa jasho. Huyo mshonee mikanda miwili ya lastiki ndani ya mgongo, ili avue koti na kulining'iniza mabegani kama begi.

Uliza pia anavaa nini chini yake. Abaya au gauni refu litabanwa na pindo jembamba, na litajikunja magotini kila anapopanda ngazi. Huyo mwachie mpasuo wa pembeni wenye vifungo.

Hatua ya 2: Vipimo

Pima mtu akiwa amevaa sweta lake la baridi, kamwe usipime juu ya blauzi. Ukipata kifua sentimita 100 juu ya sweta, upana wa koti kwa ndani uwe kama 116. Nyonga mpime akiwa amesimama, kisha mkalishe umpime tena, ushike kipimo kikubwa.

Mkono ndipo wengi wanapopunjwa. Mwambie akunje kiwiko, mkono kiunoni, halafu pitisha futi kutoka katikati ya shingo kwa nyuma, juu ya bega, ukizunguka kiwiko hadi mfupa wa kifundo. Ongeza sentimita 3. Mkono uliojazwa pamba hupanda juu unapokunjwa, na pengo dogo kati ya glavu na koti linatosha kuharibu safari nzima.

Hatua ya 3: Vitambaa na pamba

Kwa nje chukua nailoni au poliesta iliyofumwa kwa kubana, isiyopitisha upepo na yenye dawa ya kufukuza maji. Soma lebo, utafute isiyo na PFAS, zile kemikali za kufukuza maji ambazo haziozi. Tangu Januari 2025 majimbo ya California na New York yamezipiga marufuku kwenye nguo za kawaida, na vitambaa visivyo nazo vimekuwa rahisi kupatikana. Pima kwa mdomo: bandika kitambaa midomoni na upulize kwa nguvu. Ukihisi pumzi upande wa pili, kirudishe.

Ndani kuna manyoya laini ya bata au pamba ya poliesta. Kwa uzito ule ule, manyoya ya bata hutia joto zaidi, hilo halina ubishi. Lakini yakilowa hujikunja na kuacha kushika hewa, na theluji ya Novemba na Machi huku ni ya majimaji. Isitoshe, manyoya huponyoka kwenye kila tundu la sindano. Kwa fundi wa nyumbani nashauri poliesta: gramu 200 kwa mita ya mraba kwenye kiwiliwili, gramu 120 hivi mikononi, na 80 kwenye kofia. Usijaze mikono sawa na kifua. Mwenyewe atatembea mikono imetanuka na hataweza kufunga mkanda wa gari.

Rangi: chumvi inayomwagwa barabarani huacha mstari mweupe kwenye pindo. Kijani cha jeshi, kahawia na bluu iliyokolea husafishika kwa kitambaa chenye maji. Nyeusi humwonyesha kila mtu ulipopita.

Hatua ya 4: Koti la majaribio

Likate kwa shuka kuukuu na ulitandike blanketi jembamba ndani, ili unene ukaribie ule wa kweli. Mvalishe mwenyewe, mwambie akae, ainue mikono kama anayeshika bomba la basi, ainame kufunga viatu. Mgongo ukivuta, ongeza upana nyuma, kati ya kwapa na kwapa. Usiongeze begani, maana bega likishuka koti zima linaonekana la kuazima.

Hatua ya 5: Pamba na mishono yake

Makoti mengi ya dukani yamepigwa mishono inayopenya kitambaa cha nje, pamba na bitana kwa pamoja. Kila mstari huo ni ufa wa baridi, na maji hupita kwenye matundu yake. Sisi tutaishona pamba kwenye kitambaa chepesi cha ndani peke yake, mistari ikiachana sentimita 12 hadi 15, kisha tutaivika kitambaa cha nje kikiwa kitupu. Faida ya pili ni ya macho: koti linakaa bapa na safi, halimfanyi mtu aonekane kafungwa godoro.

Pamba ikishonwa husinyaa. Kata vipande vikiwa na ziada ya sentimita 4 kila upande, shona mistari, ndipo uweke pateni juu yake na kukata kipimo halisi. Tumia uzi wa poliesta, sindano namba 80 yenye ncha kali, hatua ya milimita 3 au 3.5. Kitambaa cha nje usikichome pini, kishike kwa vibanio.

Hatua ya 6: Kofia

Hapa usikimbilie pateni ya mtandaoni. Nyingi zimechorwa kwa kichwa chenye nywele laini zilizolala, na mwanamke mwenye rasta, nywele zake za asili au hijabu yenye kifundo nyuma hataingia. Pima kutoka shimo la shingo, juu ya kichwa, hadi shimo la shingo tena, futi ikipita juu ya nywele au mtandio kama anavyovaa kila siku. Kisha pima kutoka kwenye paji la uso hadi nyuma ya kisogo, kifundo kikiwemo.

Kata vipande vitatu: pande mbili na utepe wa katikati wenye upana wa sentimita 12 mbele, ukipungua hadi 9 shingoni. Kofia ya vipande viwili hutengeneza kichuguu juu. Ya vitatu hufuata umbo la kichwa. Weka kamba ya kukaza kuzunguka uso, na nyingine nyuma ya kisogo. Ile ya nyuma ndiyo inayoifanya kofia igeuke pamoja na kichwa. Bila hiyo, unageuka kutazama gari na unaona bitana.

Bitana ya kofia iwe satini. Flisi, kile kitambaa chenye manyoya laini kama blanketi, inavutia ukiishika, lakini hunyonya mafuta ya nywele na kukwaruza nyuzi za mbele, na hijabu ya pamba hugandana nayo na kurudi nyuma kila unapoivaa kofia. Flisi iweke kwenye kidevu tu.

Ukingo wa manyoya si urembo mtupu. Unavunja upepo kabla haujafika mashavuni, ndiyo maana watu wa Aktiki walithamini manyoya ya wolverini, mnyama wa kaskazini wa jamii ya vicheche; barafu ya pumzi hukung'utika kirahisi kwenye manyoya yake. Manyoya bandia marefu yanafanya kazi ya kutosha mjini. Yafunge kwa vifungo ili yatolewe wakati wa kufua, na pitisha waya laini ukingoni mwa kofia ili mwenyewe aukunje apendavyo. Kofia yenyewe iunge moja kwa moja na shingo. Ile ya kuvuliwa kwa zipu inauzika, lakini huacha ufa kisogoni.

Hatua ya 7: Zipu

Chagua zipu ya meno ya plastiki namba 8 au 10, yenye vichwa viwili, ili ifunguliwe kutoka chini pia mtu anapokaa. Chuma hubeba baridi hadi kidevuni. Nyuma ya zipu weka ulimi wa kitambaa wenye pamba nyepesi, upana sentimita 5, na mbele yake kifuniko chenye vifungo vikubwa vya kubana, vya kushikika na mtu mwenye glavu. Kola ipande sentimita 8, na juu kabisa shona kikunjo kidogo cha kuficha kichwa cha zipu kisikwaruze kidevu.

Hatua ya 8: Mifuko, kiuno na mikono

Mdomo wa mfuko uwe sentimita 17 au 18, uinamie mbele, ndani flisi. Mfuko wa simu uwe ndani karibu na mwili, kwa sababu betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi.

Umbo la kike tunalipata kwa kamba ya lastiki ndani, sentimita 2 juu ya kiuno halisi. Miguu huonekana mirefu. Mkanda wa nje siupendi kwa koti la baridi kali, unaikandamiza pamba pale pale inapohitajika. Mwisho wa mkono uwe na mkono mwingine mfupi wa ndani, wa kitambaa cha kuvutika, wenye kina cha sentimita 7, unaoingia chini ya glavu.

Hatua ya 9: Bitana

Wengi huniletea kitenge, nami nakishona kwa furaha, ila kwenye kiwiliwili peke yake. Mikononi weka satini au taffeta, kwani kitenge ni pamba na hung'ang'ania sweta hadi linapanda kwapani. Kifue kwanza, kinywee na kitoe rangi yake kabla hakijagusa koti. Mgongoni acha mkunjo wa sentimita 3 ili bitana isivute, na ifunge kwa vipande vya utepe begani na kwapani. Geuzia koti zima kupitia tundu la sentimita 20 utakaloliacha kwenye mshono wa bitana ya mkono, kisha lizibe.

Hatua ya 10: Litoe nje

Ngoja siku ya upepo, mwenyewe alivae na kusimama nje robo saa bila kutembea. Akirudi muulize alihisi wapi baridi kwanza. Akisema shingoni, kaza kamba ya kisogo au inua kola. Akisema mapajani, ongeza vifungo viwili kwenye mpasuo wa pembeni. Akisema mgongoni, fungua bitana uangalie kama pamba imekutana vizuri kwenye mshono wa ubavuni. Mara nyingi utakuta pengo la kidole kimoja.