Penseli tatu za kumsomea Eusebio

Ukisoma Historia ya Kanisa ya Eusebio, askofu wa Kaisaria wa karne ya nne, shika penseli za rangi tatu: moja ya maneno yake, ya pili ya mtu ambaye Eusebio anamnukuu, ya tatu ya aliyenukuliwa ndani ya nukuu. Anzia kitabu cha 3, sura ya 39. Eusebio anamnukuu Papia, askofu wa karne ya pili, Papia anamnukuu mtu anayemwita Mzee, ndipo tunasikia Marko alikuwa mkalimani wa Petro, akaandika kwa usahihi ila si kwa mpangilio. Rangi zitakuonyesha pia kwamba anayemwita Papia mtu wa akili ndogo ni Eusebio mwenyewe, ambaye hakupenda mafundisho ya Papia kwamba Kristo atatawala duniani miaka elfu. Mbinu hukwama nukuu inapoishia: Kigiriki cha kale hakikuwa na alama za kufungua na kufunga nukuu, kwa hiyo maneno ya Mzee yanakomea wapi, wahariri hukisia. Hapo weka alama ya kuuliza.