Swali la mbao uliulize wapi, grupu la WhatsApp au jukwaa la mtandaoni (forum)?
Uko Tanga, umenunua mbao ya mtiki wa shamba la miti la Longuza afu ikaanza kupinda, hapo grupu la WhatsApp ndo fasta, ila usitupie tu "wadau msaada", piga picha upande uliokatwa, weka rula pembeni, sema unene na kama ilikaa juani, maana bila hivyo utaishia kujibiwa emoji. Jibu zuri liwekee nyota hapohapo, kesho lishazikwa na matangazo ya vitanda. Jukwaani wanachelewa (mtu anakujibu ushasahau), ila mambo ya kunoa patasi au kupaka vanishi we katafute huko kwanza, mijadala ya zamani bado ipo na watu wamebishana mpaka mwisho. Bei ya mbao? Grupu tu, ya jukwaani ishapitwa.