Dirisha la paka, ghorofa ya tatu

Chausiku wangu aliegemea wavu wa mbu akimvizia mjusi. Wavu ukachomoka, paka akabaki ananing'inia kwa kucha mbili. Nilimwahi, lakini mikono ilitetemeka hadi jioni.

Sukuma wavu wako kwa kiganja, hasa pembeni, pale mpira unapoubana kwenye fremu. Ukilegea, usiuamini. Ongeza wavu wa waya mgumu, wenye matundu ambayo kidole gumba hakipiti, ubanwe kwa vipande vya mbao na skrubu; gundi huachia kwa jua. Ncha za waya zikunje, zisimchane. Nondo peke yake hazitoshi: kichwa cha paka kikipita, mwili unafuata. Kamba za pazia zifunge juu, zinanyonga. Kabla fundi hajaja, dirisha lifungwe.