Kufundisha kilimo cha dunia kwa kilo moja ya korosho

Mwanafunzi wa Newala au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, anaijua korosho tangu utotoni, ila kwake safari ya zao hilo huishia ghalani. Anzia hapo. Somo la kilimo cha mataifa mengine likianza na ngano ya Kanada, atakariri tu. Likianza na zao linalomlipia mahitaji ya shule, atauliza maswali.

Lifanyike Oktoba au Novemba, korosho zikiwa zimeanikwa. Kidato cha pili na cha nne huwa wamebanwa na mitihani ya taifa, kwa hiyo tumia cha kwanza au cha tatu. Andaa korosho ghafi kilo 1 iliyokauka vizuri, mzani wa gramu, ramani ya dunia na nyuzi za rangi tatu. Kilo hiyo iombe kwa mzazi kabla mzigo haujapelekwa chama cha msingi cha ushirika. Usiinunue mtaani, hiyo ni kangomba, yaani biashara haramu ya korosho nje ya ushirika.

Kukata kufanywe na mtu mzima aliyezoea kubangua, mwenye glavu. Mafuta ya ganda yanababua ngozi, na yakiingia machoni ni balaa, hivyo mwanafunzi asiguse maganda yaliyokatwa wala kung'ata korosho. Wao wahesabu korosho kabla hazijakatwa, kisha wapange punje kwa kijiti: nzuri, zenye madoa au zilizosinyaa, na zilizooza. Ganda jembamba la ndani lisimenywe kabla ya kupima, maana uzito utapungua na hesabu itadanganya.

Chukua uzito wa fungu la kwanza, ongeza nusu ya la pili, la tatu liache. Tuseme gramu 270 na nusu ya 20: jumla 280. Zidisha kwa 80, yaani kilo za gunia, ugawe kwa 453.6, yaani gramu za ratili moja. Utapata ratili 49 na kitu za punje kwa kila gunia. Kwa kipimo hichohicho mnunuzi wa ng'ambo hupanga bei, na hapo kijana anaona mwenyewe kwa nini korosho zisizokauka au zilizochanganywa na mbovu zinamponza mkulima mnadani.

Sasa ramani. Uzi wa kwanza ni wa mti: kutoka kaskazini-mashariki mwa Brazili, Wareno waliusambaza karne ya 16 hadi Goa na pwani yetu. Wa pili ni wa korosho ghafi, Mtwara hadi Vietnam na India zinakobanguliwa. Wa tatu ni wa punje, kutoka huko hadi Marekani na Ulaya. Rangi zisifanane, zikifanana, wanafunzi huondoka wakiamini mkorosho ulitoka India kwa sababu korosho zinaenda huko.

Utamaduni uingie kupitia mabibo, yaani matunda laini ya mkorosho. Siku chache kabla, kila mmoja amuulize bibi au babu nyumbani mabibo hutumikaje. Majibu yao yawekwe kando ya Brazili, ambako juisi ya bibo ni kinywaji cha kila siku, na Goa, ambako hutengenezwa pombe ya feni. Uraka, pombe ya mabibo ya huku kwetu, utatajwa tu, na utajwe bila kicheko: darasa likiucheka, litaicheka na feni, na mazungumzo yatakuwa ya vituko vya wageni. Warudishe kwenye swali la kazi: nani anaokota, nani anakamua, nani anauza?

Mwishoni mpe kila mmoja korosho moja, aeleze kwa sauti inapita mikono ya nani hadi kuliwa. Anayeruka kutoka shambani moja kwa moja hadi dukani Ulaya arudi kwenye uzi wa pili.