Benchi ya kupimia kioo cha darubini: mbao, wembe na bolti ya M6

Wadau, niliahidi kuwaeleza benchi ninayopimia kioo cha darubini ninachokisugua mwenyewe, hii hapa. Kioo kina kipenyo cha milimita 150 na fokasi (umbali ambapo kioo hukusanya mwanga wa nyota) ya 1200. Jaribio ni la Mfaransa Léon Foucault, la mwaka 1858: mwanga wa taa ndogo unakwenda kwenye kioo, unarudi, nawe unaukata kwa ukingo wa wembe, na kasoro zinajitokeza kama vivuli. Taa na wembe hukaa umbali wa fokasi mara mbili, yaani kwangu 2400. Sebule yangu ya Tabata inatosha, nikisogeza kochi.

1. Stendi ya kioo. Plaiwudi nene (mimi niliomba masalia kwa mafundi samani wa Keko), vijiti viwili vya kukikalisha kioo kwa chini, na bolti mbili nyuma za kukiinamisha. Usikibane. Kioo kilichobanwa kinapinda, nawe utalaumu usuguaji wako.

2. Kigari. Hapa usiharakishe. Ni ubao mdogo wa kubebea taa na wembe, wenye miguu mitatu: miwili inateleza kando ya nondo laini, mmoja juu ya kipande cha kioo cha dirisha. Nyuma yake bolti ya M6 inausukuma, na mpira wa manati unauvuta usicheze. Uzi wa M6 unasogea milimita 1 kwa mzunguko mmoja. Gundisha kwenye kichwa cha bolti duara la karatasi ngumu lililogawanywa mara 20, na kila alama inakuwa milimita 0.05. Bolti nilinunua Gerezani; ijaribu kwa nati palepale dukani, maana nyingine zinakwama katikati.

3. Taa na wembe. LED ya tochi mbovu, ncha yake umeipiga msasa iwe na ukungu. Simamisha wembe mbele yake ufunike nusu ya taa chini, na juu uache nafasi ya jicho. Mguu wa tatu uwe skrubu: ukiuzungusha, kigari kinainama kidogo na wembe unaingia polepole kwenye mwanga.

4. Kupima. Zima taa za ndani, tafuta doa la mwanga kwa karatasi nyeupe, kisha weka jicho. Kioo chote kitang'aa kama mbalamwezi. Ingiza wembe. Kivuli kikienda upande uleule wa wembe, uko karibu mno na kioo. Kikitokea upande wa pili, uko mbali mno. Kioo cha umbo la tufe, ukikipata sawasawa, kinafifia chote kwa mpigo.

Sasa kosa langu. Wiki nzima nilisugua kilima nilichokiona katikati, kumbe nilikuwa napima kioo kikiwa bado na joto la mikono. Kiache kipoe saa nzima au zaidi. Ukitaka kuona joto linavyodanganya, weka kiganja chini ya njia ya mwanga: utaona hewa ikipanda kama moshi wa chungu. Feni izimwe. LUKU (umeme wa kulipia kabla) ikiisha ndiyo saa nzuri, LED inakula betri tu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kioo changu hakijapakwa alumini. Kitaonekana?*
Ndiyo. Kioo kitupu kilichong'arishwa kinarudisha takriban asilimia 4 ya mwanga, na kwa LED inatosha.

*Kwa nini usiweke vyote kwenye ubao mmoja mrefu?*
Nilijaribu, dada. Ubao wa mita mbili na nusu unanesa ukiuegemea tu. Sakafu ya saruji ndiyo benchi yenyewe.

*Nikitaka parabola (umbo linalokusanya mwanga wa nyota mahali pamoja), nisome nini?*
Tofauti ya mahali pa wembe kati ya kupima ukingo wa kioo na katikati yake. Taa ikisogea pamoja na wembe, ni nusu kipenyo kwa kipeo cha pili, ugawe kwa mara mbili ya umbali: 75 × 75 ÷ 4800, kama milimita 1.17. Mzunguko mmoja wa bolti na alama tatu na ushee.

*Wembe wa kinyozi unafaa?*
Wowote, kaka, mradi haujanyolea mtu.